Njia Inapokuchanganya: Mbinu kwa Anayeishi na VVU Butembo na Beni

Umetoka sokoni. Njia ni ile ile ya kila siku, lakini leo kona huielewi. Unasimama, unajifanya unatafuta simu mfukoni, kumbe unatafuta upande wa nyumbani. Ukifika, hujui chumvi umeiweka wapi. Chenji ya mteja umeihesabu mara tatu na bado haikai sawa.

Kama unaishi na VVU, mambo hayo yanaweza kuwa na sababu mwilini. Hujarogwa, wala huna wazimu. Mengi kati yake yana tiba, na yasiyo na tiba yana namna ya kuyakwepa. Tuzungumze namna hizo, kwa mtu wa Butembo na Beni mwenye shughuli zake.

Kwanza, maneno machache kuhusu kinachotokea, kisha tuingie kazini. Virusi haviishii kwenye damu. Vinafika kwenye ubongo mapema sana: nchini Thailand watafiti waliwahi kuvikuta kwenye maji ya uti wa mgongo yapata siku 8 tu baada ya maambukizi. Haviziui seli za fahamu moja kwa moja. Vinajificha ndani ya seli za kinga zinazoishi ubongoni, na seli hizo humwaga kemikali zinazowaumiza majirani zao. Ndiyo maana kufikiri kunapungua kasi, umakini unakatika, mikono inakuwa mizito. Kupima nafasi nako kunasumbua: umbali, upande, mahali kitu kilipo, njia ya kurudi.

Usiogope kupita kiasi. Utafiti wa CHARTER wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulipima watu wazima 1,555 wenye VVU. Asilimia 52 walikutwa na upungufu fulani. Lakini waliofikia hali nzito kabisa, ya kushindwa kujiendeshea maisha, walikuwa asilimia 2 tu. Wengi wa waliobaki walikuwa na upungufu mdogo ambao haukuwazuia shughuli zao.

Anza na kidonge

Hakuna mbinu itakayokusaidia kama virusi vinazaana. Dawa za ARV ndizo za kwanza, za pili na za tatu. Kampala, mwaka 2006, kundi dogo la wagonjwa 23 walipimwa akili kabla ya kuanza ARV, kisha baada ya miezi 3 na 6. Walipata nafuu. Ubongo ulioelemewa unaweza kurudi, kwa sehemu kubwa, ukipunguziwa mzigo.

Uliza wingi wa virusi vyako, ile charge virale. Usikubali kujibiwa "uko vizuri" peke yake. Taka namba, na uiandike na tarehe yake. Kama ni zaidi ya mwaka hujapimwa, omba kipimo.

Siku hizi wengi wanapewa TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kikikunyima usingizi, mwulize daktari kama unaweza kukimeza asubuhi. Usingizi mbaya peke yake unatosha kumpoteza mtu njia. Kama bado uko kwenye dawa yenye efavirenz na unaona kizunguzungu, ndoto za ajabu au usahaulifu, sema. Dawa hiyo inajulikana kwa hayo, na kubadilishiwa kunawezekana.

Unatumia dawa za tumbo zenye magnesiamu au aluminiamu? Zinaizuia dolutegravir isiingie mwilini. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, hakikisha anayekupa anajua uko kwenye TLD, kwa sababu rifampicin hulazimisha dolutegravir iongezwe hadi mara mbili kwa siku.

Umesahau dozi? Imeze unapokumbuka siku hiyo hiyo. Kesho yake usimeze mbili kufidia.

Sasa jambo la kwetu hasa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, vituo vya afya vya Beni na Butembo vilikuwa na woga wake, na vingine vilishambuliwa. Vita navyo havina taarifa. Kwa hiyo, kama hali yako ni tulivu, omba upewe dawa za miezi 3 au zaidi kwa mara moja. Kisha weka dozi za siku kadhaa kwenye mfuko wa kukimbilia, pamoja na nakala ya kadi yako. Kila unapochukua dawa mpya, badilisha zile za mfukoni zisipitwe na tarehe. Ukiondoka usiku na watoto mgongoni, hutapata nafasi ya kufikiria dawa.

Kipimo cha mkono na maneno manne

Kuna kipimo kifupi kilichotengenezwa na Ned Sacktor na wenzake na kujaribiwa Marekani na Uganda, kilichotolewa mwaka 2005. Hakihitaji kalamu wala shule. Muuguzi anaweza kukufanyia kwa dakika chache, na ni haki yako kumwomba. Kiko hivi.

Anakutajia maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Unayarudia.

Kisha unatumia mkono usioutumia sana. Unagonga kidole cha kwanza na gumba, ukifungua kadiri uwezavyo na kwa kasi, kwa sekunde 5. Kufikisha mara 15 ni alama zote nne.

Halafu mkono huo huo mezani: ngumi, kiganja chini, kisha mkono wima ukiegemea upande wa kidole kidogo. Ngumi, kiganja, upande. Ngumi, kiganja, upande. Sekunde 10. Hapa ndipo wengi wanapocheka, kwa sababu mkono unagoma kufuata mpango ambao kichwa kinaujua. Mzunguko mzima mara 4 ndio alama kamili.

Mwisho anakuuliza yale maneno manne. Jumla ya alama ni 12. Ukipata 10 au chini, inafaa uchunguzwe zaidi.

Lakini hilo lisikupe presha. Kipimo hiki huwanasa pia watu wasio na tatizo: waliochoka, wenye njaa, waliolala vibaya. Na kina pengo moja kubwa kwa mada yetu: hakipimi kabisa uwezo wa kujua njia. Mtu anaweza kugonga vidole vizuri na bado akapotea kartie ya Furu.

Kwa hilo, fanya jaribio la nyumbani. Kaa na mtu unayemwamini. Mweleze njia ya kutoka mlangoni kwako hadi kanisani au sokoni, kona kwa kona. Kisha, na hapa ndipo penye kazi, mweleze ya kurudi. Asikusaidie. Aandike tu unapokwama. Rudieni baada ya mwezi mmoja, njia ile ile. Mkilinganisha karatasi mbili hizo mtamwonyesha daktari kitu cha maana kuliko kusema "ninasahau sana".

Kuchora saa au sanduku, kama wanavyopenda baadhi ya hospitali, mimi sitegemei sana kwa mtu ambaye hajashika kalamu kwa miaka ishirini. Unaweza kuhukumiwa ubongo kumbe ni shule tu.

Ufundi wa njia

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo.

Geuka nyuma. Kila unapokata kona kwenda, simama kidogo, geuka, utazame kona hiyo kama atakavyoiona mtu anayerudi. Njia ya kurudi ina sura nyingine kabisa. Ubongo mzima huigeuza picha wenyewe. Wako umechoka, kwa hiyo upe picha tayari.

Chagua alama zisizohama. Kanisa, daraja, mnara wa simu, shule, jengo la ghorofa lenye rangi ya pekee. Usichague mwavuli wa mama wa mandazi, lori lililoegeshwa au rundo la mbao. Kesho havipo. Kwa kila kona, alama moja. Ziseme kwa sauti ndogo unapopita: "mnara, kulia; daraja, moja kwa moja; shule ya bati la bluu, kushoto." Maneno hushika pale picha inapoteleza.

Jifunze mfupa wa mji. Butembo ina barabara kuu inayopita katikati, rue Président de la République, na ni sehemu ya RN2 inayotoka upande wa Lubero kwenda Beni. Ukiifikia hiyo, umepona. Basi popote ulipo, jiulize: barabara kubwa iko nyuma yangu, mbele, kulia au kushoto? Jiulize unapotoka, jiulize tena ukifika. Beni vivyo hivyo: mfupa wako ni Boulevard Nyamwisi. Mtu wa Boikene au Paida anayejua boulevard iko upande gani hawezi kupotea mbali.

Tumia mwinuko. Butembo ni vilima na mabonde, na hilo ni zawadi kwa anayechanganyikiwa. Miguu inajua kupanda na kushuka hata kichwa kikisahau jina la avenue. Iweke njia yako hivi: "nashuka hadi mtoni, navuka, napanda mara moja, nafika." Ukijikuta unapanda mara ya pili, umekosea, rudi.

Beni ni tambarare zaidi, kwa hiyo tumia mbingu. Tuko karibu kabisa na ikweta. Jua la asubuhi liko mashariki mwaka mzima, la jioni magharibi. Siku ya wazi unaiona Ruwenzori, nayo iko mashariki. Saa sita mchana jua halikusaidii, likiwa utosini. Panga safari za mahali usipopajua asubuhi.

Shika njia moja. Njia ya mkato ni ya mtu asiye na haraka ya kufika. Ukiwa umechoka, una njaa au umetoka kugombana na mtu, usiijaribu. Pita ile ndefu unayoijua.

Usizungumze na simu kwenye kona. Hili nalisisitiza. Ubongo uliopunguzwa kasi hauwezi kufuata ugomvi wa shemeji na kukata kushoto kwa wakati mmoja. Simama pembeni, maliza, kisha tembea.

Ukipotea, simama. Watu wengi huongeza mwendo, na ndivyo wanavyopotea zaidi. Simama mahali penye watu, duka au geti la kanisa. Pumua. Jiulize alama ya mwisho uliyoitambua ni ipi, kisha rudi hadi hapo, hapo tu. Ukishindwa, uliza. "Samahani mama, barabara kubwa iko wapi?" Huna haja ya kueleza zaidi. Hata mzima huuliza njia.

Kuwa na motari wako, dereva wa pikipiki. Mmoja au wawili, wanaojua kwako, namba zao juu kabisa kwenye simu. Hawahitaji kujua afya yako. Waambie tu: "Nikikupigia, njoo unichukue nilipo." Na jifunze kueleza ulipo kwa kutaja kitu kimoja kikubwa unachokiona, kwa sababu majina ya avenue yatakukimbia wakati huo.

Weka kikaratasi kwenye pochi: jina lako, kartie yako, namba mbili za ndugu. Basi. Usiandike ugonjwa. Hali yako ni siri yako, na sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wanaoishi na VVU Kongo, kazini na kwingineko.

Angalia saa. Couvre-feu ikiwapo, jipangie kuwa umefika saa nzima kabla yake. Mtu anayezunguka gizani akitafuta geti lake anaweza kueleweka vibaya sana na askari au na vijana wa kartie. Giza pia hufuta nusu ya alama ulizozikariri mchana.

Na kwa aliyehama: tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mnamo Oktoba 2014, watu wengi wa Oicha, Mbau na Eringeti wamejikuta kwenye makartie wasiyoyajua. Ukifika mahali papya, usiogope kuonekana mshamba. Siku za kwanza tembea na mtoto wa jirani, mchana, njia tatu tu: maji, dawa, soko. Zikizoeleka ndipo uongeze ya nne. Na ujue pia kwamba mtu asiyelala kwa hofu hupotea njia hata kama hana VVU. Moyo uliojeruhiwa hula umakini. Mwambie muuguzi kuhusu usingizi na hofu, asije akadhani kila kitu ni virusi.

Nyumbani na kazini

Kila kitu na nyumba yake. Ufunguo kwenye msumari ule ule. Simu juu ya kabati lile lile. Dawa kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu, karibu na kitu unachokigusa kila siku kwa saa ile ile, kwa mfano kikombe cha chai ya asubuhi. Waambie watoto: hakuna kuhamisha. Huu ndio ugomvi pekee unaostahili kuufanya nyumbani.

Weka vitu unavyovitumia mbele ya macho. Rafu iliyofunikwa kitambaa inapendeza, lakini usichokiona hakipo.

Unauza? Panga bidhaa kwa mpangilio usiobadilika, mchele kushoto, maharagwe katikati, mafuta kulia. Na hela, jamani. Kwetu mtu analipa kwa faranga, mwingine kwa dola, aliyetoka Kasindi anakuletea shilingi za Uganda. Weka mifuko mitatu. Andika bei ya kubadilisha ya siku hiyo kwenye kipande cha boksi, usiibebe kichwani. Pokea, weka hela ya mteja juu ya meza ikionekana, hesabu chenji, mpe, ndipo uiingize ya kwake. Ukivuruga mpangilio huo ndipo ugomvi wa "nilikupa elfu kumi" unapoanza.

Fundi cherehani, kazi yako ni nafasi tupu: mbele, nyuma, kushoto, kulia, kitambaa kikiwa kimegeuzwa. Kata ruwaza za karatasi kwa mishono unayoirudia. Tia alama ya chaki upande wa ndani wa kila kipande kabla ya kukitoa mezani. Kata asubuhi, shona mchana. Kukata kunataka kichwa kipya.

Mkulima, panda kwa kamba. Mstari wa macho ukikudanganya, kamba haitakudanganya.

Motari, kwako nina ukali kidogo. Jiulize bila kujidanganya: siku hizi unaingia mashimo uliyoyaona? Umekwaruza ukuta ukiegesha? Ukipita katikati ya lori na mtaro, abiria anakushika bega kwa woga? Ukijibu ndiyo mara mbili, acha kubeba watu kwa sasa hadi upimwe. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54, na malori hayakusubiri ukadirie. Ukiendelea na safari fupi za mjini, ziwe za mchana, bila mvua, bila kupita gari lingine kwenye kona. Na vaa kofia ngumu. Ubongo wenye VVU hauhitaji pigo la nyongeza.

Kasiksi na lutuku ni adui wa akili hii. Sisemi kwa kuhubiri. Pombe hupunguza kasi ya kufikiri, huvuruga usingizi, hukusahaulisha dozi: mambo matatu ambayo tayari unayo. Ukipunguza utaiona tofauti mapema.

Pima na presha na sukari. Vikiwa juu huharibu mishipa midogo ya ubongo. Mtu aliyeishi na VVU miaka mingi, na kwa ARV sasa wanaishi, anafika umri wa magonjwa hayo kama wengine wote.

Mtoto wako

Mwaka 1995, Michael Boivin na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watoto wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Hata watoto wenye VVU walioonekana wazima walikuwa nyuma katika mwendo wa viungo na katika kukumbuka mahali vitu vilipo. Kwa hiyo mtoto wako asiyeweza kunakili kutoka ubaoni, anayepanga tarakimu za hesabu nje ya safu zake, anayevaa viatu kinyume akiwa na miaka 8, huenda si mvivu. Usimchape.

Fanya hivi. Hakikisha dozi yake inalingana na uzito wa leo, si wa mwaka jana; watoto hukua na dozi husahaulika. Omba akae mbele darasani. Huhitaji kumwambia mwalimu sababu. Kwenye daftari la hesabu, mchoree mistari ya kusimama, mamoja hapa, makumi pale.

Mchezeshe. Uganda, mwaka 2010, watoto wenye VVU waliofanyiwa mazoezi ya akili kwa michezo ya kompyuta walisogea mbele kwenye umakini na kwenye kujifunza njia za fumbo la vichochoro. Huna kompyuta? Ficha kitu chumbani, mweleze kilipo kwa maneno: "nyuma ya ndoo, chini ya kikapu." Kisha yeye akufichie na akueleze. Bao, vifuniko vya chupa vya kupanga, kumwachia akuongoze njia ya kutoka kanisani. Muda mfupi kila siku unatosha. Sidai kwamba michezo hii imepimwa kama ile ya kompyuta. Nasema haina gharama na mtoto ataipenda.

Usisubiri

Yote niliyosema ni kwa mambo yanayokuja polepole, kwa miezi. Yakija ghafla ni habari nyingine. Kichwa kinachouma siku baada ya siku, homa, shingo ngumu, degedege, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu mmoja kulegea, kuongea ovyo, kusinzia kusiko kwa kawaida: nenda leo. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, toksoplazma, kifua kikuu cha ubongo, malaria iliyopanda kichwani. Vingine huua kwa siku chache, na vingi vina dawa. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu, Kitatumba au Katwa ukiwa Butembo, hospitali kuu ya rufaa ukiwa Beni. Hapa usiende peke yako na usiende kwa maombi kwanza. Maombi yafanyike njiani.

Kama CD4 zako, zile seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, ziko chini ya 200, uliza kama umepimwa kriptokoka kwenye damu, hata kama huumwi kichwa. Na kama umeandikiwa cotrimoxazole, ile wanayoiita Bactrim, usiiache kwa kuona kwamba "ARV zinatosha". Inakukinga na toksoplazma.

Kwa miadi ya kawaida, nenda na daftari. Andika mistari michache tu: nilipotea wapi, saa ngapi, nililala vipi, nilikunywa nini, dozi ngapi nilikosa. Andika maswali yako juu ya ukurasa, kwa sababu mbele ya koti jeupe yatayeyuka. Wingi wa virusi ni ngapi? Kuna dawa yoyote ninayomeza inayogusa akili? Nipimwe kaswende, damu na presha? Nirudi lini kulinganisha?

Na mchukue yule aliyekuandikia ile karatasi ya njia. Wewe unakumbuka siku ulizopotea. Yeye anazikumbuka zile ambazo hukujua kuwa umepotea.